Wavu wa njiwa wa balkoni: unachofaa kununua na kinachokula hela bure

Ingia duka la vifaa useme njiwa wamekushinda, utawekewa mezani bundi wa plastiki mwenye macho ya manjano, kisanduku cha umeme kinachodaiwa kutoa sauti asiyoisikia binadamu, jeli ya kunata, vipande vya miiba ya chuma na, pembeni kabisa, roli la wavu mweusi. Kwa balkoni ya ghorofa, chukua wavu. Ila ukifungwa ovyo ni mtego, na ndege atafia humo.

Hivyo vingine havina mengi. Njiwa hasikii sauti za juu kutuzidi sisi, uwezo wake ni mdogo kuliko wetu. Binadamu kijana hufika hezi 20,000, na njiwa hata 10,000 ni shida kwake. Kwa hiyo kisanduku kinapiga kelele ambayo humo ndani hamna wa kuisikia, si mteja si njiwa. Bundi anatisha siku chache, na asipohamishwa njiwa watamkalia kichwani. Jeli ndiyo tunayoikataa kabisa. Vumbi likishaifunika inakuwa kama simenti iliyokauka, na kabla ya hapo inanasa shomoro na chiriku ambao hawana kesi na mtu.

Miiba ina mahali pake: juu ya bomba, kwenye ukingo mwembamba wa dirisha, juu ya bango la duka. Kosa ni kubandika mstari mmoja kwenye ukingo wa sentimita 20. Njiwa anatua nyuma yake, anadondosha vijiti katikati ya miiba, na miiba yenyewe inamshikia kiota upepo usikipeperushe. Ndege wengine ni wajanja zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza kiota cha ndege wa jamii ya kunguru huko Antwerp, Ubelgiji, kilichojengwa kwa miiba kama 1,500 iliyong'olewa kwenye majengo.

Sumu haipo kwenye tathmini hii, ingawa bado kuna wanaoiulizia. Hao njiwa wa balkoni yako huenda ni njiwa manga wa jirani aliyewajengea kizimba juu ya paa, na ukiwaua umeanzisha kesi ya mtaa. Isitoshe, miji iliyojaribu kuua ilishindwa. Basel, Uswisi, iliua njiwa wapatao 100,000 kati ya 1961 na 1985, na idadi ikabaki palepale, karibu 20,000. Chakula kikiwa kilekile, nafasi ya aliyekufa inachukuliwa na kinda ambaye vinginevyo angekufa njaa. Mwaka 1988 mji ukabadili njia: watu wakaelezwa waache kuwamwagia chakula, na vikajengwa vibanda rasmi ambamo mayai huondolewa. Kufikia 1992 makundi ya mitaani yalikuwa yamepungua kwa nusu. Augsburg, Ujerumani, ikafuata njia ya vibanda miaka ya 1990, na humo yai halisi hubadilishwa na la bandia ili mama aendelee kuatamia bila kutaga mengine.

Mtazamo wa watu kuhusu njiwa nao umezunguka. Mwaka 1918 njiwa Cher Ami alibeba barua ya askari wa Marekani waliozingirwa Ufaransa, na leo amehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwaka 1966 mkuu wa bustani za New York, Thomas Hoving, alimwita njiwa panya mwenye mabawa. London ilikuwa na wauza chakula cha njiwa pale Trafalgar Square, kisha mwaka 2003 kuwalisha hapo kukapigwa marufuku. Waliohiji Makka wanajua kwamba njiwa wa Haram hawaguswi, na wengi wa pwani wamerudi na heshima hiyo nyumbani. Mteja wa leo anataka balkoni safi bila damu mkononi, na wavu unampa hivyo.

Sasa wavu wenyewe. Tundu liwe milimita 50 kutoka fundo hadi fundo. La milimita 75 ni la ndege wakubwa wa baharini, njiwa mdogo atajipenyeza. La 19 ni la shomoro. Linafaa pia, ila linakamata upepo na vumbi na kuifanya balkoni giza. Nyuzi ziwe za poliethilini iliyosokotwa na kutiwa kinga ya jua, zenye mafundo. Usikubali wavu wa uvuvi wa uzi mmoja mwembamba kama mshipi, hata ukiuziwa nusu bei: njiwa hauoni, anaingia kwa kasi na kujiviringa. Mweusi unaonekana kidogo ukiwa ndani kuliko mweupe, kinyume na wengi wanavyodhani.

Kwa uwazi wa mita 3 kwa 2.4, hesabu ni hii. Mzingo ni mita 10.8, hivyo nunua waya wa milimita 2 mita 13, kwa sababu kila kona na kila fundo vinakula. Skrubu zenye jicho, moja kila sentimita 50, ni kama 22. Vikuku vidogo vya kubana wavu kwenye waya, kimoja kila sentimita 10, ni 108. Chukua 120, vingine vitaanguka chini mtaani. Ongeza vikazia waya viwili vya kuzungusha, vyenye ndoano pande zote. Wavu wenyewe ni matundu 60 kwa 48. Hesabu matundu, usipime kwa futi, kwani wavu uliolala sakafuni unadanganya. Pwani vyuma vyote viwe stenlesi, na karibu kabisa na bahari ulizia daraja la 316. Waya wa kawaida uliopakwa zinki utaanza kulia kutu ukutani, na alama hizo hazitoki.

Fundi atoboe kwa biti ya milimita 6, kina cha sentimita 4, na asitoboe ukingoni kabisa mwa zege maana litabanduka. Waya unakazwa kwanza, wavu baadaye. Mafundi wengi wanageuza, na matokeo yake ni tumbo katikati. Njiwa akitua kwenye tumbo hilo, uzito wake unafungua pengo kwenye kona. Ukikazwa vizuri, bonyeza katikati kwa kiganja: unarudi wenyewe. Kosa lingine ni kufunga wavu ndani ya reli. Reli inabaki nje kama kijiti cha kukalia, na kinyesi kinaendelea kumwagikia wa chini. Funga nje ya reli, na kama kiyoyozi kiko nyuma ya wavu, dai zipu, la sivyo fundi wa AC atakuja na wembe. Na wavu huu haumzuii mtoto asianguke, usiutegemee kwa hilo.

Kabla ya kufunga, chungulia nyuma ya kiyoyozi na ndani ya vyungu vya maua. Njiwa hutaga mayai mawili, huatamia siku 17 hadi 19, na kinda huruka akiwa na mwezi hivi. Ukikuta kinda, ahirisha kazi. Ukimfungia, wazazi watagonga wavu mchana kutwa, na wiki moja baadaye utasikia harufu.

Kinyesi kikavu kisifagiliwe. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu na bakteria wa mapafu. Vaa barakoa ya N95 na glavu, lowesha kwa maji ya sabuni mpaka kilainike, kikwangue kwenye mfuko, kisha pitisha Jik iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha moja kwa tisa, uiache dakika 10. Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi. Gesi yake inaunguza koo.

Upungufu wa wavu ni bei ya fundi, ambayo mara nyingi inauzidi wavu wenyewe, na kwamba njiwa anahamia balkoni ya jirani. Jengo zima likiafikiana, kazi inakuwa nafuu na tatizo halizunguki. Kama mpangaji wa chini anamwaga makombo ya wali kila jioni, zungumza naye kwanza. Baada ya kufunga, kila kusi inapoanza pitisha mkono kwenye waya wa chini na kaza vikazia. Kona ya upande wa upepo ndiyo hulegea mapema.