Mazoezi ya kujiandaa na JKT pale Kihonda, hela yangu haikwenda bure

Jamani mnaosubiri majina ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, naomba mnisome. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria, yale ya lazima kwa wanaomaliza form six, yarudishwe 2013 kila aliyetoka huko anasimulia mchakamchaka na doso (adhabu za mazoezi) tu, kwa hiyo nilivyomaliza form six nikajiunga na mazoezi ya sajenti mmoja mstaafu hapa Kihonda, Morogoro, wiki sita, elfu thelathini, kila siku saa kumi na moja alfajiri uwanjani.

Mimi ndo nilikuwa wa mwisho. Siku ya kwanza raundi mbili tu nikakaa chini, pumzi hamna, nikajua sasa nafokewa. Akaja akachuchumaa pembeni yangu akaniuliza jana umelala saa ngapi, umekula nini, hiyo bukta umeifua lini. Nikashangaa bukta inahusiana nini na kukimbia. Kumbe ndo somo lenyewe, anasema morali ya nyimbo inaisha mkikuta kilima, hapo unabebwa na ulivyojipanga tangu usiku. Akanipa kidaftari, kila jioni naandika vitu vitatu vya kesho, vidogo kabisa: nilale saa tatu, ninywe maji kabla ya kiu, nikimbie mpaka nguzo ya nne ya umeme ndo nitembee. Wiki inayofuata nguzo ya tano. Hajawahi kunilinganisha na waliokuwa mbele.

Nikapangiwa kambi ya Mafinga, Iringa. Baridi ya kule filimbi ikilia alfajiri hata kidole hakitaki kutoka kwenye blanketi, na wiki ya pili niliamka nalia nataka nyumbani. Ila raba na bukta ya bluu nilishaziweka miguuni tangu usiku kwa mazoea, nikajikuta nimevaa kabla sijamaliza kulia. Nguzo hamna, nikawa nahesabu miti ya misindano. Jirani yangu wa hangani, bweni letu la kambini, alikuwa anajifanya mgonjwa kila asubuhi, tukaanza kuandika wote, mpaka tunamaliza mafunzo ya ukuruta yule ananiacha mbali.

Kasoro ipo, tulikuwa wengi mno kwa mwalimu mmoja, na wasichana hawakuwa na mkufunzi wa kike wa kumuuliza mambo yao. Pushapu pia nilienda kujifunzia kambini. Nampa nyota nne. Mkienda bebeni daftari, kalamu na chupa ya maji, pale uwanjani hamna bomba.