Uzoefu wangu na WireGuard kwenye Remote Desktop

Ninahudumia kompyuta za duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Programu ya uhasibu imo kwenye mashine moja ya Windows pale ofisini, na dada mhasibu huifikia kutoka nyumbani kwake Mbagala kwa Remote Desktop. Fundi aliyefunga mtandao zamani aliiacha poti 3389, mlango wa Remote Desktop, wazi kwenye rauta, dunia nzima ikawa inabisha hodi. Kumbukumbu za usalama za Windows zilijaa tukio namba 4625, yaani mtu kajaribu kuingia akashindwa: "administrator", "admin", "test", usiku kucha. Ni roboti zinazokisia nywila. Na usijifariji kwamba nywila yako ni ngumu. Tundu la BlueKeep, lililotangazwa Mei 2019, liliruhusu Windows 7 kuvamiwa kupitia huduma hiihii bila nywila yoyote.

Suluhisho langu ni WireGuard, programu ya VPN inayounganisha kompyuta mbili kwa handaki, yaani njia iliyosimbwa ndani ya intaneti. Nimeipendea ukimya wake. Pakiti isiyotoka kwa mwenye ufunguo inaoutambua haijibiwi kabisa, kwa hiyo anayepekuapekua anwani yetu haoni dalili ya kitu. Nimefunga 3389 kwenye rauta, na mashine ya ofisini inapokea Remote Desktop kutoka ndani ya handaki tu. Dada anaandika 10.0.0.2, anwani ya mashine hiyo ndani ya handaki, badala ya anwani ya zamani, basi. Siku hizi nikiona 4625 najua ni yeye kakosea herufi.

Kabla ya hapo tulitumia handaki la SSH, njia nyingine iliyosimbwa ya kuifikia kompyuta ya mbali. Usimbaji wake ni imara, sina neno, ila akihama kutoka Wi-Fi kwenda bando la simu lilikatika na kuanza upya. WireGuard inamfuata anakohamia. Umeme ukizimika Mbagala na rauta ikalala, anawasha hotspoti, skrini inaganda kidogo, kisha ankara aliyokuwa akiijaza inaendelea palepale. Kwa umeme wetu huu, hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Ugumu niliupata tawi la Mbeya, linalotumia rauta ya laini ya simu. Laini hizo mara nyingi huchangia anwani moja ya umma na wateja wengine, kwa hiyo huwezi kuifikia mashine ukiwa nje. Ilibidi tukodi seva ndogo yenye anwani yake, pande zote mbili ziunganike hapo, na upande wa Mbeya niweke PersistentKeepalive = 25, yaani pakiti ndogo kila sekunde 25, ili njia isijifunge kukiwa kimya.

Jambo jingine: handaki haliulizi nywila. Mwizi wa laptopu anaondoka na ufunguo, kwa hiyo nywila ya Windows ibaki palepale, na kila mtu apewe ufunguo wake. Ikiibiwa, unaufuta ule mmoja tu kwenye orodha ya ofisini, wengine wanaendelea na kazi.

WireGuard yenyewe ni ya bure. Tunalipia ile seva tu.