Somo la tafakuri chuo cha uuguzi: nyota tatu kati ya tano

Nimemaliza muhula mzima wa somo hili, diploma ya uuguzi mwaka wa pili, chuo kimoja cha Dar es Salaam. Sikitaji jina, bado nakidai cheti.

Utaratibu ni huu: kila Ijumaa, baada ya wiki ya wodini, unaandika tukio moja kwenye kaunta buku kwa kufuata hatua sita za tafakuri za Graham Gibbs, mtaalamu wa elimu wa Uingereza, za mwaka 1988. Kilichotokea, ulivyojisikia, kizuri na kibaya chake, kwa nini ikawa hivyo, ungeweza kufanya nini kingine, na siku nyingine utafanyaje. Mkufunzi anasoma, anaandika pembeni, anarudisha.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa najaza kurasa tu. Ya tatu nikaandika habari za bibi mmoja aliyegoma kupimwa presha: "Mgonjwa hakutoa ushirikiano." Nikafunga daftari, nikalala. Liliporudi, pembeni kuna wino mwekundu: "Ulimwambia nini kabla ya kumshika mkono?"

Swali lile nilikwenda nalo kwenye daladala hadi Mbagala. Nilichomwambia ni "nyoosha mkono". Shikamoo sikutoa, mjukuu mzima mimi! Darasani tunafundishwa mgonjwa atulie dakika 5 kabla ya kupimwa, la sivyo presha inaweza kusoma juu kuliko ilivyo. Dakika hizo nilikuwa naziruka kila siku, eti foleni ndefu. Jumatatu nikamwamkia, nikavuta kiti, nikamsikiliza akilalamikia uji wa hospitali. Akakunja mkono wa gauni mwenyewe.

Sasa ubaya. Kipengele cha "ulivyojisikia" kina alama, basi watu wanalia kwenye karatasi. Mwenzangu aliandika alivyojifungia chooni kwa uchungu baada ya mgonjwa kufariki. Jioni ananiambia siku hiyo hata zamu hakuwa nayo. Akapata tisa kwa kumi. Mimi na bibi yangu, sita.

Halafu mkufunzi ni mmoja, darasa limejaa hadi mlangoni. Kufikia wiki ya saba maswali ya pembeni yakaisha, ikabaki alama ya vema na saini. Wiki ya tisa nilirudia tukio la wiki ya nne, neno kwa neno, nione. Vema.

Nyota ya nne ningeitoa kama ule wino mwekundu ungefika mwisho wa muhula.