Nahodha yuko mbioni, mwandishi kasimama kutoa lekcha

Jamani, nina hasira, na hasira yenyewe ni ya kitabu. On Basilisk Station cha David Weber, kile cha 1993 kinachofungua mfululizo wa riwaya za vita vya angani za nahodha Honor Harrington. Nilikipata bure kwenye simu, kwa hiyo siwezi kudai hela. Nadai usingizi wangu.

Twende moja kwa moja panapouma. Karibu na mwisho kuna mkimbizano. Sirius, meli iliyojifanya ya mizigo kumbe ni manowari iliyoficha silaha, inatoroka kwenda haipaspesi, ile anga ya kubuni ambamo meli hukimbia kuliko mwanga. Ikifika, itaita kundi la manowari za Haven, taifa adui wa Honor, na vita imeanza. Honor yuko nyuma yake na HMS Fearless, meli ndogo, kuukuu. Mimi hapo niko kitandani, taa nimezima, chaji inaisha, sitaki hata kuinuka kuchukua waya. Ndipo Weber anapoacha kila kitu na kuanza kusimulia historia ya safari za nyota! Eti binadamu walianza na meli za polepole, wakagundua haipaspesi, meli zikawa zinaingia humo zisirudi, mpaka mwanasayansi wa hadithini, Adrienne Warshawski, alipobuni matanga ya meli ya kupita humo salama. Kurasa kwa kurasa. Ni sawa na mtangazaji wa mpira, penalti ya mwisho imeshawekwa, yeye anaanza kueleza ngozi ya mpira inavyotengenezwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mambo yake ya kiufundi ni matamu. Weber alitaka vita vya merikebu za zamani viwezekane angani, akatafuta namna. Meli inajifunika kwa kanda mbili za graviti, yaani nguvu ya mvutano, juu na chini, hakuna kombora linalopenya. Ubavuni kuna kinga hafifu zaidi. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ziko wazi. Basi nahodha hana budi kumgeuzia adui ubavu, na atakayewahi kukatisha mbele au nyuma ya mwenzake amemmaliza, kama Victory, meli ya Admirali Nelson wa Uingereza, ilivyopita nyuma ya Bucentaure ya Wafaransa kwenye vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805 ikaimiminia mizinga tezini. Nelson angefufuka leo, angejua pa kuanzia.

Sasa si ungeyamaliza mapema, bwana? Nafasi ilikuwepo tele! Nusu ya kwanza ni kazi za forodha, na mimi niliipenda kuliko mizinga. Admirali Hemphill ameing'oa Fearless sehemu kubwa ya silaha zake ili kufunga silaha mpya ya graviti isiyofanya kazi mpaka umkaribie adui kabisa. Kwenye mazoezi ikafaulu mara moja tu, baada ya hapo wote wakaishtukia. Aibu ikawa ya Hemphill, adhabu ikawa ya Honor: akatupwa Basilisk, kituo cha watu waliokosa bahati. Bosi wake huko, Pavel Young, ana kinyongo naye cha tangu chuoni, anaondoka na meli yake kwa kisingizio cha matengenezo ili bibie aumbuke peke yake. Bibie anafanya nini? Anakagua mizigo. Anakamata magendo ya wakubwa. Raha tupu.

Kimetolewa kwa heshima ya C. S. Forester, baba wa Hornblower, yule nahodha wa riwaya za merikebu za vita, wala mwandishi hafichi alikochota. Mbele kwenye mfululizo, mapinduzi ya Haven yanaongozwa na jamaa aitwaye Rob S. Pierre. Jina hilo ni Robespierre tupu, yule kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa! Weber hata haya hana.

Nilikuwa nimeshaamua nyota mbili. Lakini lekcha inapoisha, lo! Meli inachanwa vipande, mabaharia tuliowazoea tangu mwanzo wanakufa kwenye vituo vyao, na ile silaha ya Hemphill, ile ile iliyolaaniwa kitabu kizima, ndiyo inayobaki. Lazima umkaribie adui, sivyo? Basi Honor akamkaribia. Nilisoma nikiwa nimekaa wima, simu imechomekwa ukutani. Hapo nyota nne. Nikizikumbuka zile kurasa, tatu. Sijui, wekeni tatu na nusu.

Ukikisoma, mkimbizano ukianza na ukaona historia inaingia, ruka mpaka ulione tena jina la Honor. Hutapungukiwa kitu. Cha pili, The Honor of the Queen, nimeshakipakua, na nikikuta lekcha nyingine kombora likiwa njiani, nafuta mfululizo mzima. Labda nitamaliza sura kwanza.