Wametutoza korosho ambazo hatukuzila

Vyumba ni visafi, hilo sina ubishi nalo. Mashuka yananukia, maji ya moto yapo muda wote, na asubuhi kuna chapati na maharage ya nazi ambayo mama aliyasifu, naye si mwepesi wa kusifu chakula cha hotelini. Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota nne. Sasa tuje kwenye friji.

Miezi kadhaa iliyopita nilimleta mama Dar kwa ajili ya kliniki, tukachukua chumba kwenye hoteli moja maeneo ya Upanga. Mama ana kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na joto la Dar mnalijua. Kwa hiyo tulipoingia tu nikafungua minibaa, ile friji ndogo ya chumbani yenye vitu vya kuuza, nikatoa juisi, soda na kipakiti cha korosho, nikavipanga juu ya meza ili dawa ipate nafasi. Hakuna tulichofungua. Hata maji tulinunua duka la ng'ambo ya barabara, chupa kubwa, kwa bei ambayo mle chumbani hupati hata kichupa cha nusu lita.

Tunaondoka, naletewa bili: juisi, soda, na korosho shilingi 20,000. Elfu ishirini! Korosho za Mtwara, hapahapa nchini! Nikamwambia dada wa mapokezi vitu vyote viko mezani, atume mtu akaangalie. Akajibu bila kuinua macho, "Mfumo umeshasoma." Kumbe friji zile zina vihisio: ukinyanyua kitu kisirudi mahali pake kwa sekunde kadhaa, kinahesabiwa kimeuzwa. Onyo lipo, kwa Kiingereza, maandishi madogo, ndani ya kabrasha lililowekwa chini ya simu.

Mama akasogea kaunta akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi hatujala kitu." Yule dada hakumwamkia wala hakumjibu. Akanigeukia mimi: "Mwambie mama atulie."

Bei ningeimeza. Hilo sikulimeza. Mtu mzima, mgonjwa, anaambiwa atulie kama mtoto anayesumbua, kwa sababu ya kipakiti cha korosho.

Akaitwa meneja. Naye akaanza kunieleza kwamba ndivyo zilivyo hoteli zote duniani. Si kweli. Hilton ya Hong Kong ilipoanza kujaza vinywaji kwenye friji za vyumbani mwaka 1974, mauzo yakapanda na wengine wakaiga, ni sawa. Lakini siku hizi hoteli nyingi kubwa zinaacha friji tupu mgeni aweke vyake, na nyingine ukipiga simu ukasema una dawa, wanakuja kukutolea vitu vyao wenyewe. Nilimwambia hivyo. Akaniangalia tu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa usafi wa vyumba. Alipanda mwenyewe bila kutumwa, akashuka na sinia, vitu vyote juu yake. "Shikamoo mama," akamwambia mama yangu kwanza, kisha akawageukia wakubwa wake: "Hivi hapa, havijafunguliwa." Kwa ajili yake nilifikiria kurudisha nyota zote nne. Mtu kama huyo ndiye anayestahili kusimama mapokezi.

Wakafuta juisi na soda. Korosho wakakataa, eti kipakiti kimekunjamana, hakiuziki tena. Nililipa, maana mama alikuwa amechoka kusimama na basi letu lilikuwa linakaribia kuondoka. Risiti ninayo, imeandikwa vinywaji na vitafunio, na kile kipakiti walibaki nacho wao.

Nyota moja, na hiyo ni ya yule mama wa usafi. Meneja, ukisoma hapa, namba yangu mnayo kwenye kitabu cha wageni. Nirudishieni elfu ishirini yangu, na yule dada ampigie mama simu amwombe radhi. Mkifanya hayo yote mawili nitakuja kubadilisha nilichoandika. Mkirudisha pesa peke yake, sibadilishi.