Nimefunga bloa ya 6-71 ya dizeli kwenye pikapu yangu, haya ndio niliyoyaona

Wakuu habari za kwenu. Kuna jamaa kama watatu wameniuliza nimenunua wapi na imenigharimu shilingi ngapi, nikaona bora niandike mara moja. Mi niko huku Texas, gari ni pikapu Chevrolet C10 ya 1978, injini V8 ya inchi za ujazo 350 yaani lita 5.7 ya petroli, na juu yake nimekalisha supachaja (ndio hiyo bloa, pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini) ya 6-71 ambayo asili yake ni injini ya dizeli. Ndio, dizeli, sijakosea kuandika.

Kwa asiyelijua hili dude, GM walikuwa na dizeli za Series 71, zilianza 1938, 6-71 maana yake silinda 6 kila moja inchi za ujazo 71. Zilikuwa tu-stroki, yaani kila pistoni ikipanda na kushuka mara moja inachoma mafuta, na dizeli ya tu-stroki haijivutii hewa yenyewe, lazima kuwe na bloa pembeni inaisukumia hewa na kufukuza moshi, bila hiyo haiwaki kabisa. Zilifungwa kwenye mabasi, maroli, boti za kushushia wanajeshi, hata kifaru cha Sherman M4A2 kilikuwa kinabeba mbili. Vita ya Pili ya Dunia ilipoisha machuma yakawa yamezagaa kila kona, vijana wakaanza kung'oa bloa na kuzipachika juu ya V8 zao. Ndio hayo madude unayaona yamechomoza juu ya boneti.

Sasa hapa ndio watu wanapigwa. Ukienda kununua muuzaji atakuonyesha 8-71, 10-71, mpaka 14-71, na wewe unajua kubwa ndio tamu. Hakuna dizeli ya silinda 14 iliyowahi kutoa hiyo bloa, ni watengenezaji wa vifaa vya mashindano wamerefusha tu, rota (yale machuma yanayozunguka ndani kusukuma hewa) za 6-71 ni inchi 15 na za 14-71 ni inchi 19. Na hiyo 6-71 yenyewe kwa injini ya 350 ni kubwa tayari: ikizunguka mara moja inapitisha kama inchi za ujazo 411, wakati injini yako kwa mzunguko mmoja wa krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inameza 175 basi, nusu ya 350, maana kila silinda inavuta hewa mara moja kwa mizunguko miwili. Yaani ukiizungusha sawa na krenki unapasua pistoni. Ndio maana puli ya juu nimeweka kubwa kuliko ya chini ili bloa izunguke taratibu, geji ya presha ya hewa inanionyesha pauni 6 kwa inchi ya mraba nikikanyaga, na zinanitosha sana.

Bloa niliinunua kwenye duka moja linalouza zilizofanyiwa ukarabati, dola 2,400 bila manifoldi, ile ya kuikalisha bloa na kupitisha hewa kwenda kwenye silinda. Aisee ilivyofika inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Maili 200 tu nikaanza kusikia sauti kama mtu anakwangua ukoko wa wali kwenye sufuria, nikatoa kabureta nikamulika tochi, ndani kuna vumbi la alumini laini kama unga wa sembe, rota imeshachora ukuta wa nyumba yake. Kumbe jamaa walipiga polishi nje, beringi wameacha zilezile za zamani! Kuwapigia simu wananiambia ukishaifunga sisi hatuhusiki. Nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi, lilikuwa zuri.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja ana gereji nyuma ya nyumba yake, mwendo wa saa mbili kutoka kwangu. Akaivua yote, beringi mpya, sili mpya, kingo za rota akaweka vipande vya tefloni, halafu ile kazi ya kuseti nafasi ili rota zisigusane wala kugusa ukuta, mi nilikaa pale naangalia. Anazungusha rota kwa kidole kimoja, anachomeka bati la fila geji, kile kipimo cha nafasi nyembamba, anatoa, anaandika kwa penseli kwenye selotepu aliyobandika mezani, anaongeza kishimu, yaani kibati chembamba cha kujazia, nyuma ya gia, anazungusha tena. Masaa hayo hata redio hakuwasha. Dola 780 na wiki mbili za kusubiri, huyu nampa tano bila kufikiria.

Kwenye kufunga sasa, bloa ndio sehemu rahisi, hela inaishia kwenye vinavyoizunguka. Pistoni nimebadilisha nikashusha kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda, mpaka 8 kwa 1, taiming ya cheche za plagi nimerudisha nyuma, na petroli ni ile ya oktani 93 tu, ukiweka ya bei chee inagonga kama mtu anapiga hodi. Na tafadhali usifunge manifoldi isiyo na valvu ya usalama, maana hapa tofauti na kwenye dizeli petroli inapita ndani ya bloa, kwahiyo moto ukirudi nyuma unakuta bloa nzima imejaa mvuke wa mafuta, inaweza kung'oka na boneti ukaisahau. Yangu boneti nilishaikata mwenyewe na grainda, wife hajanisamehe mpaka leo.

Raha yake? Ule mlio wa mkanda na gia jamani, na ukikanyaga hakuna kusubiri kama turbo, inaondoka palepale. Karaha zake ni joto, mwezi wa nane huku hewa inaingia ya moto na hakuna cha kuipoza, gari inalegea kabisa mchana. Mafuta inakunywa vibaya mno. Na ukikata kona ya kulia huoni kitu upande ule, limekuzibia, lazima uchungulie kama kobe.

Yule wa Dar aliyeniuliza kama aagize bloa kama hii ifike nyumbani, kaka usijitese, hiyo hela nenda nayo mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea katafute turbo na fundi anayejua, ufunge kwenye hiyo Land Cruiser yako ya 1HZ, ile dizeli isiyo na turbo, utaienjoi kila siku. Hili la kwangu ni la Jumamosi.

Bloa yenyewe naipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu kava la gia pale mbele bado linatoa oili kidogo, nimeshafungua mara tatu nabadilisha gasketi, sasa hivi nikipaki naweka kopo chini.