Mwaka Mmoja Katika Parokia ya Katikati ya Jiji: Altareni Pazuri, Mlangoni Pagumu

Nimesali katika parokia hii kwa mwaka mmoja na miezi miwili, tangu kazi iliponihamishia jijini. Sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni manung'uniko yangu mwenyewe na si haki kuyatundika shingoni mwa watu ambao hawapo hapa kujitetea. Ninamwandikia Mkatoliki mwenzangu ambaye amehamia mjini, ameziona kanisa tatu au nne zilizo karibu naye, na anajiuliza aweke mizizi wapi. Neno langu kuhusu parokia hii ni hili: ibada yake ni bora kuliko nyingi nilizozizoea, lakini nilisali pale miezi saba bila mtu hata mmoja kuniuliza jina.

Nianze na Misa. Dominika kuna Misa tatu za asubuhi, na Jumamosi jioni kuna ile ambayo kwa kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inatimiza wajibu wa Dominika, nayo ni msaada mkubwa kwa wauguzi, walinzi na madereva ambao Jumapili wako kazini. Misa zote huanza kwa wakati. Anayesoma somo huonekana amelisoma nyumbani mara kadhaa. Siku moja nilifika mapema nikamkuta dada mmoja amesimama peke yake kwenye mimbari, kanisa likiwa tupu, akirudia kwa sauti ya chini majina magumu ya somo la kwanza, akifuatisha mistari kwa kidole, na kila alipokwama alirudi mwanzo wa sentensi. Saa moja baadaye, aliposoma mbele ya watu, hapakuwa na jina lililomtatiza, na nililisikia somo lile la nabii kana kwamba sijawahi kulisikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulidai waamini washiriki ibada kwa ukamilifu, kwa kuelewa na kwa matendo. Kuelewa kunaanzia kwa msomaji wa namna hii.

Jambo jingine ninalolipenda mno ni ukimya. Baada ya Komunyo kwaya hunyamaza. Mwongozo wa Misale, kitabu cha sala za Misa, unaelekeza kuwe na kimya kitakatifu katika nafasi hiyo, lakini ni mara chache nimekuta kikiheshimiwa, maana kwaya nyingi huogopa nafasi tupu na kuijaza kwa wimbo wa tatu na wa nne. Hapa padre huketi, watoto wa altareni huketi, na kwa dakika mbili au tatu husikii ila magari ya nje na mtoto anayelia. Katika jiji ambalo mtu halali wala haamki bila kelele, dakika hizo zimenitunza kuliko ninavyoweza kueleza.

Mahubiri ni ya wastani. Paroko huandaa vizuri na hufafanua Injili yenyewe. Msaidizi wake hana mpangilio, huingia kwenye jambo moja akatokea kwenye jingine, na amewahi kufika dakika 35. Papa Fransisko alisema katika katekesi ya Juni 2024 kwamba homilia isizidi dakika 8, na ingawa sidai saa ishikwe mkononi, muumini anayesimama nyuma kwa kukosa kiti anastahili kuhurumiwa. Yanafuata matangazo, ambayo hujaa michango. Vipaza sauti vya upande wa kushoto vinakwaruza, kwa hiyo keti kulia.

Kitubio kiko vizuri. Kanuni ya 986 inawataka wachungaji wapange siku na saa zinazowafaa waamini kuungama, na hapa padre huwa kwenye kiti cha maungamo kila Jumamosi alasiri na nusu saa kabla ya Misa za jioni katikati ya juma. Sijawahi kukuta kiti kitupu.

Sasa nije mlangoni, ambako parokia hii inapungua. Misa ikiisha, wale wanaojuana husimama kwa makundi wakizungumza, na asiyejuana na mtu hupita katikati yao hadi barabarani. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Waamini ni wengi, Misa inayofuata iko karibu, na katika mji kila mtu humdhania mwenzake kuwa mwenyeji wa siku nyingi. Lakini mgeni huondoka kama alivyokuja, na akirudi wiki nne mfululizo bila kusalimiwa, wiki ya tano anajaribu kanisa jingine.

Nilipoombwa na rafiki kumsimamia mwanawe katika ubatizo, nilikwenda ofisini kuomba barua. Kanuni ya 874 inataja sifa za msimamizi: awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, na aishi kulingana na imani. Nilibeba vyeti vyangu vyote. Nikaambiwa hawanijui, kwa hiyo nilete kwanza barua ya mwenyekiti wa jumuiya yangu, yaani kikundi kidogo cha waamini wa mtaani kwangu. Nilipouliza jumuiya yangu ni ipi, katibu hakuwa na ramani wala orodha ya kunionyesha. Mara mbili zilizofuata nilikuta mlango umefungwa, kwani ofisi hufunguliwa saa za kazi, muda uleule ambao mwajiriwa wa mjini hawezi kutoka. Ninaelewa kwa nini wanauliza, maana paroko hawezi kutia sahihi kwa ajili ya mtu asiyemfahamu, na sikutaka anifanyie hivyo. Lakini kwa kanuni ya 518 parokia kwa kawaida ni ya eneo, na wote wakaao ndani ya mipaka yake ni wake. Mimi nilikuwa muumini wao tangu siku niliyoshusha mizigo yangu kwa nia ya kukaa, na kanuni ya 529 inamwagiza paroko ajitahidi kuwajua waamini aliokabidhiwa. Kazi ya kujuana haiwezi kuwa ya mgeni peke yake.

Aliyenivusha ni mzee mmoja wa mapokezi, mwenye fimbo, ambaye husimama mlango wa kaskazini kila Jumamosi jioni. Alinisimamisha akasema, "Mwanangu, wewe nakuona kila wiki na unaondoka mbio. Unaitwa nani, na unakaa wapi?" Nilipomtajia mtaa, akacheka kwa furaha, kwa kuwa jumuiya yangu ilikuwa ikikutana nyumba ya nne kutoka kwangu, kila Alhamisi, na mwenyekiti wake nilikuwa nikipishana naye ngazini.

Jumuiya hiyo ndiyo imenifanya nisihame. Tuko kumi na wawili hivi. Tunasoma Injili ya Dominika inayokuja, kila mmoja anasema neno lililomgusa, tunaombeana, tunapanga nani atamtembelea nani. Mwezi Machi mama mmoja wa ghorofa ya juu aliugua, akawa hawezi kushuka. Kila Dominika mhudumu wa Komunyo alimpandia ngazi akiwa na pikisi, kile kichombo cha kubebea Ekaristi, shingoni, nami nilipangiwa kutangulia na kuandaa meza: kitambaa cheupe, mshumaa, msalaba. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka kwa kuwasha mshumaa. Mama yule akanishika kiganja akasema, "Taratibu, Bwana hana haraka." Alipofariki tulijaza safu mbili kanisani, na watoto wake waliotoka mbali walishangaa kukuta mama yao alikuwa na watu.

Kwa hiyo, kwa anayefikiria parokia ya aina hii, aje bila wasiwasi kwa ajili ya Misa, na aanze na ya Jumamosi jioni, yenye watu wachache na yule mzee mlangoni. Asisubiri kutafutwa: wiki ya kwanza amuulize mtu wa mapokezi jumuiya ya mtaa wake, na vyeti vyake vya ubatizo na Kipaimara aviweke karibu. Upande wangu, nimeliandikia baraza la parokia kuomba ofisi ifunguliwe kwa saa moja baada ya Misa ya pili ya Dominika, na orodha ya jumuiya ibandikwe ubaoni mlangoni pamoja na mitaa yake. Orodha ilibandikwa wiki iliyopita, kwa mwandiko wa mkono. Kuhusu saa za ofisi, bado nasubiri jibu.